Wimbo Huu ni wa Nani? Juu ya Kutoa Maoni Kuhusu Muziki Tunaousikiliza

Miongoni mwa mambo ambayo elimu ya siasa imeyaweka kando kwa muda mrefu ni namna watu wetu wanavyozungumza juu ya muziki wanaousikiliza. Kada hufundishwa kuchambua ilani, bajeti na hotuba. Akitoka darasani huenda barazani, hukaa saa tatu mahali ambapo muziki unapigwa na maoni yanatolewa, na uchambuzi wake wote huuacha mlangoni. Husema kama wanavyosema wengine: huu mzuri, huu ovyo, badilisha. Hili si jambo dogo la starehe. Hotuba mtu huisikia mara moja, tena kwa kuitwa. Wimbo huusikia mara mia kwa hiari yake, mpaka maneno ya mtunzi yakageuka kuwa maneno ya msikilizaji. Anayedhani kwamba fikra za umma hujengwa mkutanoni peke yake hajakaa barazani Gando.

Ndugu Amílcar Cabral, katika mhadhara alioutoa Februari 1970 kwenye Chuo Kikuu cha Syracuse nchini Marekani kwa kumbukumbu ya Ndugu Eduardo Mondlane, alieleza kwamba utamaduni wa watu ni nguvu ya kupinga utawala wa kigeni. Lakini hakuishia hapo. Alionya kwamba utamaduni wa jamii haulingani kwa matabaka yote, kwamba ndani yake mna yanayosukuma mbele na yanayorudisha nyuma, na kwamba chama cha ukombozi kina wajibu wa kuyapambanua. Makada wengi hupenda kuikariri sehemu ya kwanza. Ya pili ndiyo yenye kazi, kwa sababu kupambanua hakufanywi na mtu mmoja chumbani. Hufanywa na watu wanaosikiliza pamoja na kupeana sababu.

Hali ilivyo Gando

Gando iko katika Wilaya ya Wete, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Ni nchi ya mikarafuu na uvuvi, na kama ilivyo kwa Pemba nzima, watu wake wana jamaa Tanga, Mombasa, Unguja, Dar es Salaam na Oman. Muziki husafiri kwa njia hizohizo za watu. Kaswida husikika tangu alasiri. Taarabu ya Mombasa husikika kwa wazee, hasa Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014. Taarabu ya Unguja husikika harusini. Kwa vijana ni Bongo Fleva na singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese na Tandale, na ambao mwendo wake hupita mapigo 200 kwa dakika. Wakati wa kuanika karafuu utazikuta zote katika ua mmoja, kila moja katika simu yake.

Zamani santuri moja ilikuwa ya mkahawa mzima, na baadaye kanda moja ikawa ya nyumba nzima. Aliyeupenda wimbo na aliyeuchukia waliusikia pamoja kwa lazima, na mabishano yakafuata. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, santuri zao zilirudi katika mikahawa ya Ng'ambo, na mikahawa hiyo ikawa mahali pa kujadili mambo yaliyoimbwa. Leo hedifoni imemtenga msikilizaji na jirani yake. Sisemi kwamba simu ni adui, maana simu hiyohiyo inamfikishia kijana wa Gando muziki ambao babake asingeupata kwa mshahara wa mwaka mzima. Nasema kwamba kusikiliza kumekuwa kwa peke yake na maoni yamekuwa mafupi kwa sababu hiyo. Mtu asiyetazamia kujibiwa hatafuti sababu.

Katika madarasa ya itikadi nimezoea kuwauliza vijana wanasikiliza nini wiki hii na kwa nini. Sehemu ya kwanza hujibiwa upesi kwa furaha. Sehemu ya pili huleta kimya, kisha hutokea sauti nyuma ya darasa ikiuliza: kwani huo wimbo ni wa nani?

Swali hili linastahili kuchunguzwa kuliko yote, kwa sababu kwetu Pemba halina maana ya kutaka kumjua mtunzi. Maana yake ni: ni wa upande gani?

Wimbo kama bendera

Sharti tuseme kweli juu ya chanzo chake. Mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992, Chama chetu kiliunda kikundi cha Tanzania One Theatre, TOT, chini ya uongozi wa Kapteni John Komba. Lilikuwa jambo la akili: Chama kilitambua kwamba umma unafikiwa kwa wimbo kabla ya kufikiwa kwa kijitabu. Wapinzani nao walitunga zao. Kisha, baada ya uchaguzi wa mwaka 1995, siasa za Pemba zikaingia katika kususiana. Watu walisusiana maduka, magari ya abiria, harusi, hata maziko. Katika hali kama hiyo wimbo haukuweza kubaki wimbo. Ulikuwa bendera yenye sauti. Kuupiga kulikuwa tangazo, kuuzima kulikuwa tangazo, na kuusikiliza hadi mwisho bila ya kusema neno kulitosha kumtilia mtu shaka.

Damu ilimwagika Januari 2001. Ukaja Muafaka wa Oktoba mwaka huo, maridhiano ya Novemba 2009, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Maduka yakafunguliwa kwa wote na maziko yakarudi kuwa ya wote. Lakini sikio halikuhudhuria vikao hivyo. Mpaka leo, harusini Gando, aliyeshika simu ya muziki hupima nyuso kabla ya kubonyeza. Kuna nyimbo nzuri za taarabu, zisizotaja chama wala mgombea, ambazo zimewekwa upande fulani kwa sababu tu mwimbaji wake aliwahi kupanda jukwaa la upande huo.

Khadija Kopa ni mfano ulio wazi. Sauti yake ilikomaa Unguja katika Culture Musical Club kabla hajakwenda TOT. Msikilizaji wa upande wa pili anayeizima sauti hiyo kwa sababu ya TOT anajinyima moja ya sauti zenye nguvu zaidi katika taarabu ya nchi yetu. Na kada anayeisifu kwa sababu hiyohiyo ya TOT naye hakuisikia. Wote wawili wamesoma jina kwenye ganda na kuacha kula tunda. Kwa kada kosa ni zito zaidi, kwani yeye ndiye anayedai kuwa na elimu ya kuchambua mambo.

Ukimwuliza kada wa namna hii wimbo unasema nini katika ubeti wa pili, hajui. Ukimwuliza mwimbaji anaupandisha wapi na kwa nini, hajui. Anajua ni wetu. Basi kwa elimu gani atamshawishi jirani yake?

Maoni ya noti

Taarabu ina namna yake ya kale ya kutoa maoni, nayo ni kutuza. Msikilizaji huinuka, hucheza taratibu hadi jukwaani, na hutoa noti wakati wa mstari unaomgusa. Wageni huidhania kuwa ni zawadi kwa mwimbaji tu. Kila mwanamke aliyekaa ukumbini anajua zaidi: noti imetolewa kwa mstari gani, mtoaji alimtazama nani, na yule aliyetazamwa atajibu kwa mstari upi. Hii ni sanaa ya kusikiliza kwa makini sana, na yeyote anayeidharau kuwa ni umbea wa wanawake anadharau shule ambayo yeye mwenyewe angeshindwa mtihani wake.

Hata hivyo ina mpaka wake, na mpaka huo ulionekana katika miaka ya 1990, TOT ilipopambana na Muungano Cultural Troupe katika kumbi za Dar es Salaam, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili. Mipasho ilijaza kumbi. Lakini noti ya mpasho husema: mstari huu unamfaa jirani yangu. Haisemi kama mstari umetungwa vizuri, wala kama lawama iliyomo ni ya haki. Tena anayetoa noti kumi huonekana ana maoni mara kumi ya yule asiye nacho. Siku hizi hesabu ya watazamaji mtandaoni imechukua nafasi ya noti, na vijana huitaja kama hoja: umetazamwa mara milioni kadhaa, basi ni mkali. Hiyo ni hesabu ya soko. Bidhaa iliyouzwa sana imeuzwa sana, na hapo ndipo hoja inapoanza.

Maoni kwa amri

Zaidi ya noti kuna njia nyingine ambayo uongozi hujaribiwa kuitumia unapochoka kubishana, nayo ni marufuku. Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Ndugu Mustafa Songambele, alipiga marufuku muziki wa soul katika Dar es Salaam, mwaka uleule ambao Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa ukiendesha Operesheni Vijana dhidi ya mavazi yaliyoitwa ya kihuni. Nia ilikuwa kupambana na kasumba, na kasumba ilikuwapo. Lakini swali la kiitikadi lilirukwa. Soul ulikuwa muziki wa Wamarekani weusi, na mwaka mmoja tu kabla ya amri hiyo James Brown alikuwa ametoa wimbo wa kujivunia weusi katikati ya mapambano ya watu wake. Je, huo ni utamaduni wa mabeberu, au ni wa wanaokandamizwa na mabeberu? Au ni bidhaa ya kampuni za mabeberu iliyobeba sauti ya wanaokandamizwa? Mjadala mmoja wa tawi juu ya swali hili ungewafundisha vijana mengi kuliko amri.

Remmy Ongala alipoimba Mambo kwa Soksi kuhusu kinga dhidi ya UKIMWI, Radio Tanzania Dar es Salaam haikuupiga wimbo huo, na watu waliujua hata hivyo. Na Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake Wapo na wimbo ukazuiwa. Muda mfupi baadaye Waziri Harrison Mwakyembe alitangaza kwamba Rais John Magufuli ameupenda, kwamba uachiwe upigwe, na kwamba msanii auboreshe kwa kuongeza maovu mengine aliyoyaacha. Makada walioushangilia uzuiaji walilazimika kuushangilia wimbo kabla sauti zao hazijakauka. Kama wangekuwa na maoni yao wenyewe juu ya wimbo wenyewe, yawe ya kuusifu au ya kuulaumu, wasingegeuka kama tiara.

Vipimo viwili na mfano wa santuri

Katika mazungumzo ya Yan'an ya Mei 1942, Mao Zedong alitaja vipimo viwili vya sanaa, cha siasa na cha sanaa yenyewe. Alikiweka cha siasa mbele. Lakini alisema pia jambo ambalo wanaomtaja huliruka: kazi isiyo na ubora wa kisanaa haina nguvu, hata kama siasa yake ni ya kimaendeleo. Tukikubali hivyo, hatuna budi kukiri kwamba nyimbo nyingi za kampeni tulizozisikia, zetu zikiwamo, hazina nguvu. Hulitaja jina la mgombea kila baada ya mistari miwili na hazitaji hata shamba moja. Mchumaji wa karafuu anayelipwa kwa pishi hajioni ndani yake. Ala ni za kinanda kimoja kilichopangwa mapema, na ubeti wa tatu unaweza kuwekwa mahali pa ubeti wa kwanza bila mtu kugundua.

Uweke kando yake wimbo wa Siti binti Saad uitwao Kijiti. Unasimulia mauaji ya mwanamke aliyekuja Unguja akiwa mgeni. Muuaji akatoroka, na adhabu ya mahakama ya kikoloni ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Hakuna wito wowote wa kisiasa ndani yake. Kuna majina, kuna tukio, kuna hukumu, na kuna sauti inayosimulia bila ya haraka mpaka msikilizaji mwenyewe anaona kwamba mahakama ndiyo iliyosimama kizimbani. Siti, binti wa Fumba aliyelelewa katika ufinyanzi, ambaye baadaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, hakuhitaji kutaja ukoloni kwa jina lake. Huu ndio muziki ninaoupiga mara nyingi zaidi siku hizi, na kila ninapoupiga darasani vijana hulalamika kwa mikwaruzo ya santuri kwa dakika moja, kisha hunyamaza.

Juma Bhalo huleta ubishi mkubwa zaidi, na ni ubishi wa manufaa. Tuni zake nyingi zimechukuliwa kutoka filamu za Kihindi. Maneno mengi aliyoyaimba ni ya mshairi Ahmad Nassir wa Mombasa, Kiswahili cha Mvita kilichokomaa. Wako wanaosema huo ni muziki wa kuazima, haufai kuitwa wetu. Wako wanaosema shairi ni letu, basi inatosha. Hoja ya kwanza haisimami. Kwa kawaida husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyempeleka Mohammed bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na Ikhwani Safaa ya mwaka 1905 ikafuata mkondo huo. Anayeikataa tuni ya Bombay kwa ugeni wake aikatae pia kanuni ya Kairo, na hapo taarabu haipo tena. Lakini hoja ya pili nayo imelala. Shairi lina mizani yake, na tuni iliyotungwa kwa lugha nyingine huivuta silabi mahali ambapo Kiswahili hakivutiki. Bhalo katika ubora wake huvuta pale neno linapouma, nawe huona kana kwamba tuni ilimngoja. Pale asipofanikiwa, neno hupotea ndani ya mapambo, na msikilizaji hubaki na sauti tamu isiyosema kitu. Hilo la pili ni kasoro hata kwa anayempenda, nami nampenda.

Sasa haya ni maoni. Yanaweza kupingwa, kwa sababu yameonyesha mahali pa kushika. Anayesema Bhalo ni mkali tu hajampa mwenzake pa kumpinga.

Sisi Wapemba hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta darasa la kubishana kwa namna hii. Kibati ni ngoma yetu. Ndani yake mwimbaji hutunga papo hapo kwa maneno ya kasi mno, na mwenzake humjibu, huku waitikiaji wakiwashikilia wote wawili. Asiyesikiliza hawezi kujibu. Lazima alishike hasa lile lililosemwa. Washairi wa Pemba nao walifanya hivyo kwa kalamu, kama inavyoonekana katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani kilichochapishwa mwaka 2011. Kwa desturi ya malumbano mpinzani hujibu kwa bahari ileile ya shairi. Yaani humheshimu mwenzake kwa kukubali masharti ya ubishi kabla ya kumshinda. Inashangaza kwamba kisiwa chenye desturi hii kilifikia kusikilizana kwa kuulizana chama. Na nionavyo, haikuwa desturi iliyotushinda. Tuliiacha pale kila upande ulipoona kwamba kumsikiliza mwenzako mpaka mwisho ni udhaifu.

Kwa hiyo napendekeza kwa matawi jambo moja la vitendo. Badala ya kupiga nyimbo kabla ya kikao ili kungojea watu wafike, upigwe wimbo mmoja ndani ya kikao, mzima, simu nyingine zikiwa zimezimwa. Maneno yake yaandikwe ubaoni na aliyeyasikia vizuri zaidi. Mtu asitaje jina la mwimbaji wala la kikundi mpaka watu watatu wamekwisha kusema wimbo unasema nini na unalisema vipi. Waalikwe wasio wanachama, na hasa hao. Ubishi ukiwa mkali, uachwe uwe mkali. Mwenyekiti asiufunge kwa kutoa msimamo wa Chama, kwa sababu Chama hakina msimamo juu ya mahali ambapo Juma Bhalo alipaswa kuvuta pumzi.

Gando jambo hili limekwisha anzwa. Zamu ijayo ni ya Kijiti, na baada yake singeli moja itakayochaguliwa na vijana wenyewe. Wazee wameomba singeli ipigwe mara mbili, kwani mara ya kwanza hawashiki neno hata moja. Wamekubaliwa. Kila msemaji ana dakika tano, na mkufunzi atasema wa mwisho.